Tawi la Urambo limekaa siku mbili bila mtandao na mimi sina habari. Ofisi ndogo mnafuatiliaje mitandao yenu?

Mama Daftari (Tabora)

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana nataka ushauri wa watu walioifanya hii kazi kwa mikono yao, sio wa muuza duka.

Niko Tabora mjini, kwenye chama cha akiba na mikopo. Niliajiriwa kama mhasibu. Mambo ya kompyuta niliachiwa mwaka 2021, kijana aliyekuwa anayashughulikia alipopata kazi Dodoma, kwa kuwa ofisi nzima mimi ndiye mwenye cheti cha TEHAMA. Tangu hapo niko peke yangu. Makao makuu tuna kompyuta 11. Matawi ni matatu, Urambo, Kaliua na Sikonge, na kila moja lina kompyuta mbili hadi nne. Makao makuu na Urambo tunalipia laini kwa mwezi, Kaliua na Sikonge wanatumia rauta ya kadi ya simu na kifurushi. Daftari la wanachama liko kwenye seva hapa mjini, kwa hiyo tawi likikosa mtandao haliwezi kumwambia mtu hata salio lake.

Juni mwaka huu, masoko ya tumbaku yamechangamka, Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nikapigiwa simu na mwanachama. "Binti yangu, tuko nje hapa Urambo tangu saa moja, tunaambiwa hakuna mtandao, na hela yetu imo humo." Nikampigia keshia. Kumbe mtandao ulikatika Jumamosi asubuhi, wakafunga mapema wakaenda zao, wakijua Tabora tumeshaona na tunashughulikia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walijua tumeona.

Nikampigia mtoa huduma, akasema upande wake uko sawa. Tulibishana karibu nusu saa. Mimi sina ushahidi wowote, yeye hana sababu ya kuniamini. Nikapanda gari.

Chini ya kaunta ya Urambo kuna kabati la mbao. Humo ndani swichi ya mtandao ya matundu nane, ile ya kuunganishia waya za kompyuta, imelazwa juu ya rundo la fomu za mikopo za zamani. Nilipofungua, taa zake zote zilikuwa zinapepesa kwa pamoja, haraka mno, mpaka ukitazama vibaya utadhani zimewaka moja kwa moja. Sikuwahi kuona taa za hivyo. Nikapiga magoti nikaanza kufuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Waya mmoja wa bluu ulitoka tundu la tatu, ukapita nyuma ya fomu, ukarudi kuingia tundu la saba. Ncha zote mbili ziko kwenye swichi ile ile! Dada wa usafi alikuta ncha inaning'inia siku ya Jumamosi, akahofia ameichomoa yeye wakati anapiga deki, akaichomeka palipokuwa wazi. Alitaka kutusaidia na simlaumu hata kidogo. Nilipochomoa ncha moja taa zikatulia, na mtandao ukarudi kabla sijasimama. Wakulima siku mbili hawajapata hela zao, mimi nimesafiri kilomita kama 90, kumbe ni waya wenye urefu wa mkono wangu.

Ninachotaka ni kujua mimi kwanza, kabla mwanachama hajanipigia. Nikimpigia mtoa huduma niwe na kitu cha kumwonyesha. Na kiwe kitu ninachoweza kukitunza hata mwisho wa mwezi ninapofunga hesabu, maana siku zile sina hata muda wa chai. Meneja amenipa laki tatu, na ya kulipa kila mwezi hakuna. Kuna kampuni ilileta bei ya mfumo wa kulipia kwa dola kila mwaka, tumeirudisha. Ninyi mnatumia nini?

Fundi wa Ujiji

Pole sana dada. Hicho ulichokikuta ni kitanzi. Ujumbe unaopelekwa kwa mashine zote ukiingia kwenye swichi hutokea kila tundu, kwa hiyo ukapita kwenye ule waya na kurudi, ukatolewa nakala tena, ukarudi tena. Pakiti za IP, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zina hesabu ya kupungua kila zinapovuka rauta, mwisho zinakufa. Ujumbe wa ndani ya swichi hauna hesabu hiyo, unazunguka mpaka mtu achomoe. Swichi kubwa zina ulinzi wa kugundua kitanzi na kufunga tundu, hizi za bei ndogo nyingi hazina. Kwa hiyo mtoa huduma alisema kweli, laini yake ilikuwa nzima.

Mimi niko Kigoma, hospitali ya shirika la dini yenye zahanati mbili nje ya mji. Idara ya kompyuta ni mimi na mwenzangu mmoja. Nakushauri usianze na programu. Chukua karatasi uchore njia kutoka mezani kwa keshia hadi kwenye seva: kompyuta ya keshia, printa, rauta ya tawi, geti la mtoa huduma (kifaa chake ambacho laini ya tawi inapitia), rauta ya Tabora, seva. Kila kimoja kipe anwani ya IP isiyobadilika. Halafu iwepo mashine moja ya kuviita vyote kwa ping, ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?", kila dakika. Jibu linapokomea ndipo uanze kutafuta. Jumamosi ile ungeona geti linajibu vizuri na vitu vya ndani vyote vimenyamaza, ungemwongoza keshia kwa simu afungue kabati.

Mashine yenyewe, tafuta laptop kuukuu. Hata kioo kikiwa kimepasuka haidhuru, muhimu betri ikae angalau saa moja, kwa sababu hapo umepata kompyuta na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kwa pamoja. Sisi tulianza na kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia kadi ya kumbukumbu, umeme ukawa unakatika kadi ikiwa inaandikwa, na mbili zikafa msimu mmoja wa mvua. Weka mfumo wa Linux, halafu programu ya Uptime Kuma ya kuviita vifaa. Ni ya bure, ilianzishwa na Louis Lam mwaka 2021, unaitazama kwenye kivinjari kama ukurasa wa kawaida, na inakutumia ujumbe kwa Telegram. Kwa mtu wa hesabu haitakushinda, unajaza jina, anwani na muda basi.

Usiogope kifurushi cha Kaliua na Sikonge. Ping moja ya kawaida ya Linux ni baiti 84 kwenda na 84 kurudi. Ukipiga kila dakika, kwa siku 30 ni kama MB 7 na kidogo kwa kifaa kimoja.

Kitu ambacho nakuomba usikipuuze ni kuiambia isikuite mpaka ikose jibu mara tatu mfululizo. Sisi hatukufanya hivyo mwanzoni. Simu ilikuwa inalia usiku kucha kwa pakiti moja moja zinazopotea, tukaizima sauti. Usiku mmoja maabara ikakatika kweli na hakuna aliyeona, majibu ya damu yakawa yanakimbizwa kwa miguu wodini hadi asubuhi. Kengele inayolia ovyo ni hatari kuliko kukosa kengele, kwa sababu unalala ukiamini unalindwa.

Kwa ule ubishi na mtoa huduma, ongeza programu ya SmokePing ya Tobias Oetiker kwenye laptop hiyo hiyo. Kwa kawaida yake hupiga ping 20 kila dakika 5 na kuchora zilizochelewa na zilizopotea. Iweke kwenye laini za kulipia kwa mwezi tu.

Kebo Sita

Mkuu, ushauri wa hapo juu ni mzuri, ila mtu asijenge kibanda wakati mawe yapo. Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao, ni ya bure, toleo la kwanza Alexei Vladishev alilitoa kwa umma mwaka 2001 kule Latvia, na inabeba maelfu ya vifaa. LibreNMS nayo ilichipuka kutoka Observium mwaka 2013, ukiionyesha swichi inaitambua yenyewe na kukuchorea kila tundu linapitisha kiasi gani. Zote zinatumia SNMP, lugha ya kukiuliza kifaa hali yake, na hapo utajua si tu kwamba laini iko hewani, bali imejaa kiasi gani na nani kaijaza.

Ukifika huko angalia mambo mawili. Vifaa vingi huja na neno la siri la SNMP ambalo ni "public", libadilishe siku ya kwanza, na kifaa kikikubali tumia toleo la 3 lenye usimbaji. Pili, chagua vihesabio vya data vya biti 64. Vya biti 32 kwenye laini ya Gbps 1 iliyojaa vinarudi sifuri kila sekunde kama 34, na grafu yako itakuwa inakudanganya.

Kama rauta zako ni za MikroTik unayo tayari Netwatch ndani yake, ya kuita kifaa na kukuambia kikinyamaza, na The Dude, programu yao ya kufuatilia mtandao, hawatozi.

Mama Daftari (Tabora)

Asanteni sana. Kebo Sita, nimesoma habari za Zabbix jana usiku hadi saa sita na nakubali ni kitu kikubwa. Lakini ukweli ni kwamba nina saa mbili kwa wiki, na swichi zangu zote ni zile zisizo na mipangilio, haziijui SNMP. Nitairudia tukinunua swichi za maana.

Fundi, maswali mawili. Kaliua na Sikonge wako kwenye kadi za simu. Nimejaribu kuita anwani yao kutoka hapa, hakuna kinachojibu hata wakiwa wanatumia mtandao vizuri. La pili limeninyima usingizi. Laptop itakuwa hapa makao makuu. Umeme ukikatika hapa, laini ya hapa nayo inazima. Sasa nani ataniambia?

Fundi wa Ujiji

Swali la pili ndilo watu wengi wanalisahau, umefanya vizuri kuliuliza mapema.

Kwenye kadi za simu, wateja wengi wanatoka kwa anwani moja ya kampuni, kwa hiyo wewe kutoka nje huna mlango wa kuingilia. Inabidi tawi lenyewe ndilo lianze safari. Nunua rauta ndogo ya MikroTik yenye RouterOS 7 (mfumo wake wa kuendeshea), ichomeke nyuma ya ile rauta ya simu, na itengeneze handaki la WireGuard, yaani njia ya siri ndani ya mtandao, kuja Tabora. Makao makuu omba anwani ya umma isiyobadilika, kwa laini ya kulipia mara nyingi wanatoa. Handaki likisimama unaiita Kaliua kana kwamba iko chumba cha pili, na data za wanachama nazo zinapita zikiwa zimesimbwa.

Sasa mlinzi wa mlinzi. Ukishakuwa na MikroTik Sikonge, washa Netwatch yake iitazame rauta ya Tabora. Tabora ikinyamaza, Sikonge inakutumia Telegram kwa laini yake yenyewe. Laptop inayatazama matawi, tawi moja linaitazama Tabora. Hakuna cha kulipia.

Mstaafu wa Simu (Tabora, Cheyo)

Mwanangu, nimefanya kazi ya simu za mezani miaka 31, kupanda nguzo na kukaa kituoni. Nitasema ninayoyajua.

Sehemu kubwa ya mnachokiita mtandao kukatika ni umeme. Rauta iweke kwenye UPS. Kisha tafuta kifaa cha bei ndogo chenye anwani, hata ile rauta ya zamani iliyotupwa stoo, ukichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, nje ya UPS. Mashine yako iviite vyote viwili. Cha ukutani kikinyamaza na cha UPS kinajibu, umeme umekatika tawini, na una muda wa betri tu wa kuchukua hatua. Vyote vikinyamaza kwa mpigo, ni laini au rauta. Kifaa kimoja kinakutenganishia maswali mawili.

La pili, daftari. Sisi kituoni kila hitilafu iliandikwa: saa ya kukatika, saa ya kurudi, chanzo, jina la aliyetengeneza. Baada ya miezi mitatu daftari lenyewe linakuonyesha mahali pabovu. Programu itakuandikia saa, chanzo haitakijua mpaka uandike wewe.

La tatu, hilo kabati. Swichi haikai juu ya karatasi. Inapata joto, na panya wanapenda karatasi. Itundike ukutani, kila waya uwe na karatasi ya jina ncha zote mbili, na matundu yasiyotumika yazibwe. Novemba haiko mbali. Kama kuna waya unatoka nje kwenda kwenye antena, hakikisha waya wa ardhi (earth) umewekwa vizuri kabla radi za kwanza hazijaanza.

Wakili wa Kitongoji

Naongeza dogo. Mkishaweka mambo haya, kuna siku bosi atasema "sasa nionyeshe nani anashinda kwenye video." Kujua kifaa kiko hewani ni jambo moja, kurekodi mtumishi anatembelea kurasa gani ni jambo lingine kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Mkifika huko watumishi waelezwe kwanza nini kinakusanywa na kwa sababu gani. Usikubali kukifanya kimya kimya kwa sababu umeambiwa na meneja.

Mama Daftari (Tabora)

Mzee wangu shikamoo. Wote asanteni. Nimerudi kusema nilichofanya, zimepita wiki tano.

Laptop nimeipata stoo kwetu, kitufe cha herufi moja hakipo na kioo kina ufa, ila betri inakaa saa moja na dakika ishirini, nimeipima. Fedha zilikwenda kwenye MikroTik mbili, za Kaliua na Sikonge, na UPS ndogo ya Kaliua, Urambo walikuwa nayo tayari. WireGuard ilinichukua Jumamosi mbili nzima. Ya kwanza nilikosea kunakili ufunguo, nikahangaika hadi jioni. Kaliua nimeweka kifaa cha ukutani kama mzee alivyosema, kinaitwa "Kaliua soketi" kwenye ukurasa.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, simu ikalia: Kaliua soketi haijibu. Rauta inajibu. Nikakaa kitandani nikitazama. Saa kumi na moja na dakika hamsini na tano rauta nayo ikanyamaza, betri imeisha. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshampigia keshia apitie petroli ya jenereta njiani. Saa mbili walifungua kama kawaida. Hakuna mwanachama aliyejua kulikuwa na lolote.

Urambo ndiko SmokePing imenisaidia. Kwa siku tisa mfululizo mchoro ulikuwa mzuri usiku na asubuhi, kuanzia saa sita mchana unaharibika, kwenye kila ping 20 zinapotea mbili, tatu, hadi tano, kisha jua likizama unatulia. Nilifikiri ni wingi wa watu kwenye laini. Nikachapisha kurasa tisa nikamtumia mtoa huduma pamoja na saa zake. Safari hii hatukubishana. Fundi wao alikuja siku ya pili, akapanda mlingoti, akakuta nati ya kushikilia antena imelegea. Huu ni msimu wa upepo wa mchana, ukivuma antena inayumba na kupoteza uelekeo, ukitulia inarudi. Alipoikaza, mchoro wa jioni ile ulinyooka, na umebaki hivyo hadi leo.

Daftari nimefungua. Lina mistari 14 kwa wiki tano, na 9 kati ya hiyo ni umeme. Nimelipeleka kwa meneja pamoja na ombi la betri kubwa zaidi kwa Kaliua, amesema litaingia kikao cha bodi. Kuhusu watumishi na kurasa wanazotembelea, kweli aliuliza, nikamsomea ulichoandika Wakili, akasema tuliache.

Kilichobaki kinanisumbua ni mimi mwenyewe. Desemba nina likizo, na kama simu yangu haina chaji hakuna mwingine anayepata ujumbe. Nimemwingiza keshia wa Urambo kwenye kundi la Telegram na nimeanza kumfundisha kuusoma ule ukurasa. Jana alinitumia picha bila kuombwa. Kabati liko wazi, fomu zimeondolewa, swichi imetundikwa ukutani kwa skrubu mbili, na kila waya una karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Anasema maandishi ni ya dada wa usafi, ndiye mwenye mwandiko mzuri pale. Ule wa bluu hawakuutupa, wameukunja wakaufunga kwa mpira, juu yake imeandikwa: "Usichomeke. Piga simu Tabora."